Kutoa rangi ya kiwandani kwenye bodi za treni za modeli: kwa nini dawa moja humsafishia huyu na kumharibia yule

Mmoja atakwambia alikilaza kichwa chake cha treni kwenye alkoholi ya isopropili usiku kucha, na asubuhi rangi yote ikatoka kwa mswaki bila ubishi. Mwingine alifanya vivyo hivyo kwa kichwa cha kampuni nyingine, rangi haikutikisika, na ngazi za pembeni zikakatika. Wa tatu anaapa kwa mafuta ya breki, akisema ameyatumia miaka na miaka bila tatizo. Wa nne aliyajaribu mara moja na bodi ikamvunjikia mkononi.

Wote wanne wanasema kweli. Ndiyo maana mtu anayeanza akiuliza "nitumie dawa gani?" hupata majibu yanayopingana, na kila jibu lina ushahidi wake. Swali lenyewe limekaa vibaya. Ukali wa dawa una uzito mdogo katika jambo hili. Kinachoamua ni pengo la kikemia kati ya vitu viwili vilivyoshikana: rangi iliyo juu na plastiki iliyo chini. Dawa nzuri ni ile inayoigusa rangi na kuipita plastiki bila kuitambua. Pengo likiwa pana, hata chupa ya duka la dawa inatosha. Pengo likiwa finyu, hakuna dawa iliyo salama, na busara ni kutafuta njia nyingine. Hilo ndilo nitakalolifafanua hapa, kwa sababu mtu akilielewa anaweza kuisoma bodi iliyo mbele yake badala ya kubahatisha kwa kufuata bahati ya mwenzake.

Kwanza, kwa nini uitoe rangi, usipake tu mpya juu yake? Jibu liko kwenye vipimo. Katika skeli ya HO, inayopendwa zaidi duniani, kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli mbili zinaachana kwa milimita 16.5 tu. Kichwa cha ribiti chenye upana wa milimita 25 kwenye treni halisi kinabaki chini ya theluthi moja ya milimita. Sasa chukua tabaka za rangi zenye unene wa jumla wa mikroni 50, yaani sehemu 50 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Zidisha kwa 87: ni sawa na kuipaka treni halisi rangi yenye unene wa zaidi ya milimita 4. Ribiti zinazama, matundu ya kupitishia hewa yanaziba, na mistari ya milango inapotea. Kwenye skeli ya N, ambayo ni 1:160, hasara ni karibu mara mbili ya hiyo. Rangi ya kiwandani ikiwa nyembamba, unaweza kupaka juu yake bila shida. Ikiwa nene, au ikiwa mwenye modeli aliyekutangulia aliongeza yake kwa brashi, hakuna ujanja ila kuitoa.

Sababu ya pili ni rangi za reli zenyewe. Viwanda hutengeneza modeli kwa ajili ya soko kubwa, yaani reli za Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani. Anayetaka mabehewa ya East African Railways ya kukokotwa na vichwa vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59, vya rangi ya damu ya mzee, vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, mara nyingi hana budi kununua behewa la reli nyingine lenye umbo linalokaribiana, akalivua nguo zake na kulivisha mpya. Garratt mmoja wa daraja hilo, Mount Gelai, yuko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na rangi yake inaweza kukaguliwa kwa macho.

Rangi inashikaje, na inaachiaje

Rangi yoyote ina vitu vitatu: unga unaotoa rangi yenyewe, resini ambayo ndiyo gundi inayoushikilia unga huo, na kiyeyushi kinachoifanya iwe majimaji hadi ipulizwe. Kiyeyushi huruka, hivyo kinachobaki kwenye bodi ni unga na resini. Unapotoa rangi unapambana na resini. Unga haukuhusu, ila kwa jambo moja la sumu nitakalolitaja mbele.

Resini hutofautiana kwa namna zinavyokauka, na hapa ndipo siri nyingi zilipo. Laka hukauka kwa kupoteza kiyeyushi tu. Minyororo yake ya molekuli imelala pamoja bila kufungana vifundo, kwa hiyo ukiirudishia kiyeyushi kinachoifaa italainika tena, hata baada ya miaka 40. Rangi za mafuta za aina ya alkidi ni tofauti: zikishapoteza kiyeyushi huendelea kuvuta oksijeni ya hewani, na minyororo yao hufungana vifundo. Kadiri miaka inavyopita ndivyo vifundo vinavyoongezeka, ndiyo maana rangi ya mafuta ya zamani ni ngumu kuliko ya mwaka jana. Akriliki za maji huanza kama chembe ndogo zinazoelea, maji yakikauka chembe zinagandamana. Nyingi kati yake hulegea kwa alkoholi. Mwisho kuna rangi za vijenzi viwili, ambazo huchanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa. Hizo hufungana pande zote hadi tabaka zima liwe karibu molekuli moja kubwa. Alkoholi haiwezi kuzifanya lolote la maana.

Watu wengi hudhani dawa huyeyusha rangi. Mara nyingi haiyeyushi. Inapenya kwenye resini na kuifanya ivimbe. Tabaka likivimba linahitaji eneo kubwa kuliko lile lililoshikamana nalo, halina pa kwenda, basi linajikunja na kujiinua juu, kama utandu wa maziwa unavyokunjamana ukiusukuma kwa kijiko. Ukiona rangi inatoka vipande vipande vyenye mikunjo, jua ni uvimbe uliofanya kazi, na plastiki ya chini huwa salama zaidi kwa njia hiyo. Ukiona inatoka kama uji wa rangi unaopaka kila mahali, resini imeyeyuka kweli, na unga wake sasa unatafuta pa kuingia: kwenye mistari, kwenye pembe, na kwenye plastiki yenyewe ikiwa imelainika.

Sasa tatizo la rangi ya kiwandani. Fundi aliyeichagua alitaka kitu ambacho hakitatoka. Mara nyingi alichagua kiyeyushi kinachoiuma plastiki kidogo ili rangi iingie na kushika. Aina gani ya resini aliyotumia haijaandikwa kwenye boksi. Tena kiwanda hubadilisha rangi bila kumwambia mtu. Kampuni ya modeli ya Bachmann ilinunuliwa na Kader ya Hong Kong katika miaka ya 1980, Hornby ya Uingereza ikahamishia utengenezaji China katika miaka ya 1990, na kampuni nyingi za Marekani na Ulaya zilipita njia hiyohiyo. Mzigo wa mwaka mmoja unaweza kuwa na laka, mzigo wa miaka mitatu baadaye ukawa na rangi ya vijenzi viwili, kwa modeli yenye jina na namba ileile. Mtu anayesema "modeli za kampuni fulani zinatoka kwa alkoholi" anaeleza mzigo mmoja, hawezi kuisemea kampuni nzima.

Plastiki iliyo chini

Bodi nyingi za modeli ni polistirini, au ndugu yake ABS. Polistirini hupenda viyeyushi vinavyofanana nayo. Wanakemia wana kipimo kiitwacho kwa jina la Hildebrand, ambacho kwa namba moja huonyesha nguvu inayozishikanisha molekuli za kitu. Vitu vyenye namba zinazokaribiana huelekea kuyeyushana. Polistirini iko karibu na 18.5. Toluini, iliyomo kwenye thina nyingi za magari, ina 18.2. Asetoni, ambayo ni dawa ya kutoa rangi ya kucha, ina takriban 20. Alkoholi ya isopropili ina kama 23.5, ethanoli 26, na maji 48. Namba hizi hazisemi kila kitu, lakini zinaonyesha ramani: thina na asetoni zinaishi mtaa mmoja na polistirini, alkoholi iko ng'ambo, na maji yako mbali kabisa. Bodi ya polistirini ukiiweka kwenye asetoni hupoteza umbo ndani ya dakika chache. Usijaribu hata kwa kufuta juu juu, kwa sababu kufuta mara moja kunatosha kula ribiti.

ABS ina akrilonitrili na mpira wa butadini ndani yake, hivyo haipasuki kirahisi ikianguka, lakini kwa kemikali ina udhaifu wake. Baadhi ya viyeyushi ambavyo polistirini huvivumilia, hasa etha za glikoli zilizomo kwenye mafuta ya breki, huipata ABS vibaya.

Zipo plastiki nyingine za kuangalia. Modeli za mwanzo kabisa za plastiki za Uingereza, za kampuni ya Rovex iliyozaa Tri-ang, zilitengenezwa kwa selulosi asetati mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyingi zimejipinda zenyewe kwa uzee. Hizo zisiguswe na dawa za magadi makali (kostiki soda), maana magadi hula asetati yenyewe. Vioo vya madirisha vinaweza kuwa polistirini angavu, akriliki au polikaboneti, na polikaboneti nayo haistahimili magadi. Vishikio vyembamba vya pembeni vya modeli nyingi ni asetali, plastiki laini yenye utelezi ambayo karibu hakuna kiyeyushi kinachoigusa. Rangi haikushika vizuri pale tangu mwanzo, na hutoka kwa kukunja tu.

Usidanganyike na rangi ya plastiki yenyewe. Viwanda vingi humwaga plastiki iliyokwisha tiwa rangi inayokaribiana na ile itakayopakwa. Behewa jekundu likivuliwa linaweza kubaki jekundu. Watu wamesugua bodi hadi ikachubuka wakitafuta rangi ambayo ilikwishatoka. Tazama ndani ya bodi kabla hujaanza, pale ambapo kiwanda hakikupuliza, uijue rangi ya plastiki tupu.

Mkazo uliojificha

Hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote, na kwa maoni yangu linaeleza maafa mengi kuliko uchaguzi wa dawa.

Bodi hutengenezwa kwa kusukuma plastiki ya moto sana ndani ya kalibu baridi kwa shinikizo kubwa. Sehemu nyembamba hugandia njiani kabla molekuli hazijapata muda wa kulala vizuri. Zinabaki zimevutwa, zikitaka kurudi, lakini zimegandishwa. Mkazo huo haufutiki kwa miaka. Uko zaidi karibu na mahali plastiki ilipoingilia, kwenye pembe kali, kwenye nguzo za skrubu, na kwenye vitu vyembamba kama ngazi na nguzo za vishikio.

Kiyeyushi ambacho hakiwezi kuiyeyusha plastiki hiyo bado kinaweza kupenya kidogo kwenye sehemu yenye mkazo na kuzilegeza molekuli kiasi cha kuachiana. Hapo huzaliwa nyufa za unywele, na ufa ukianza kiyeyushi hufuata ndani yake na kuusukuma mbele. Wahandisi wa plastiki wanalijua tatizo hili vizuri, na si la modeli tu: makabati ya ndani ya majokofu, ambayo mengi ni aina ya polistirini, yamewahi kupasuka kwa mafuta ya kawaida ya chakula. Kumbe "haiyeyushi" na "haidhuru" ni mambo mawili tofauti. Bodi mbili za plastiki ileile, dawa ileile, saa zilezile: iliyopozwa taratibu kiwandani inatoka nzima, iliyopozwa kwa haraka ili kiwanda kiongeze idadi inatoka na nyufa.

Kutokana na hilo, mambo kadhaa yanafuata. Bodi iondolewe kwenye chasisi kabla ya kutiwa dawa, kwa sababu vidole vya plastiki vinavyoibana huwa vimepinda muda wote. Madirisha, taa na uzito wa ndani vitolewe. Bodi ilale bila kubanwa na chombo, isilazimishwe kuingia kwenye mtungi mwembamba. Na muda uwe mfupi iwezekanavyo. Kulaza usiku kucha ni mazoea tu. Kagua kila nusu saa, sugua kwa mswaki laini, rudisha ikiwa haijatosha. Rangi isiyoonyesha dalili yoyote baada ya saa chache za alkoholi haitakuwa tayari kesho yake, ila plastiki ndiyo itakayokuwa imechoka.

Wakati mwingine nyufa zilikuwepo kabla yako. Rangi za Floquil, zilizopendwa sana Marekani hadi zilipoondolewa sokoni mwaka 2013, zilikuwa na viyeyushi vikali kiasi kwamba kampuni iliuza pia tabaka la kinga la kupaka kwanza kwenye plastiki. Wengi hawakulipaka. Ukinunua modeli kuukuu, ukaivua, ukakuta uso wake umechakaa kwa mistari midogo, huenda dawa yako haina kosa, rangi ya mwenye modeli wa kwanza ndiyo iliyouma.

Dawa zenyewe

Alkoholi ya isopropili ndiyo ninayoamini ianziwe nayo daima. Iko mbali na polistirini, hulegeza laka nyingi na akriliki nyingi, haiachi mafuta, na hukauka. Nguvu yake iko kwenye alkoholi, hivyo asilimia ina maana: ya 70 ina maji mengi mno na hufanya kazi kwa kusuasua, ya 91 au 99 ndiyo ya kazi. Namba 91 haikutokea hivi hivi. Alkoholi hii na maji zikichemshwa pamoja hufika mahali mvuke unatoka na mchanganyiko huohuo wa takriban asilimia 91 kwa ujazo, na kuupandisha zaidi kunahitaji hatua nyingine kiwandani. Maduka ya dawa ya Marekani huuza ya 70 na ya 91 rafu moja. Kwetu spiriti ya hospitali mara nyingi ni ya 70, kwa kuwa ndiyo inayofaa kuua vijidudu. Ya 99 hutafutwa kwa wauzaji wa vifaa vya maabara au vya mafundi wa simu.

Hatari yake ni moto. Mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia joto la takriban nyuzi 12 za Selsiasi, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Dar es Salaam au Mombasa hakuna siku ya mwaka ambayo bakuli la wazi la alkoholi liko chini ya joto hilo. Tumia chombo cha polipropilini chenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, na usiipashe moto kamwe. Mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti zinasaidia sana, lakini usimimine alkoholi moja kwa moja kwenye beseni la mashine. Jaza maji ya sabuni, na hata hivyo mimi napendelea itumike kwa kusuuza tu.

Dettol ni dawa ya Waingereza, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina faida kwamba iko kila duka. Ile ya kahawia ya Uingereza ina kloroksilenoli, mafuta ya msonobari, alkoholi ya isopropili na sabuni ya mafuta ya nyonyo. Mafuta ya msonobari na alkoholi ndivyo vinavyovimbisha rangi. Lakini lebo ya Dettol ya India inaorodhesha tapinioli na ethanoli badala yake, kwa hiyo jina moja halimaanishi kimiminika kimoja, na matokeo ya mtu wa Manchester si lazima yawe yako. Nchini Marekani jambo hilohilo liliikumba Pine-Sol, dawa ya kusafishia nyumba: fomula yake ya kawaida iliondolewa mafuta ya msonobari, na ushauri wa zamani uliosifu chupa hiyo umebaki ukizunguka bila kitu kilichoufanya uwe kweli. Soma lebo, usisome jina.

Dettol hutumika bila kuchanganywa na maji, na hapa kuna kosa ambalo wengi huangukia: wanaitoa bodi na kuiweka chini ya bomba. Dettol ikikutana na maji hugeuka nyeupe, na ikiwa imebeba rangi iliyolegea hugeuka gundi inayong'ang'ania kila ufa. Sugua bodi ikiwa bado imelowa Dettol, suuza kwa Dettol safi, uondoe rangi yote kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Paka wasiwe karibu, kwani kemikali za jamii ya fenoli ni sumu kwao.

Mafuta ya breki ya DOT 3 ni njia ya wazee wa Marekani. Etha za glikoli zilizomo hupenya polepole hata kwenye rangi ya mafuta iliyozeeka, na polistirini nyingi huvumilia. Hata hivyo, siyapendekezi. Kwa ABS ni kamari, na mtu hajui kwa kutazama kama bodi yake ni ABS. Huacha mafuta kwenye uso, hupita kwenye ngozi, na baadhi ya etha za glikoli zina madhara kwa uzazi. Anayeyatumia ajue kwamba DOT 5 ni silikoni, haitoi rangi yoyote, na mabaki ya silikoni yatakataa rangi mpya. DOT 5.1, licha ya namba yake, ni glikoli.

Magadi makali, yaani kostiki soda iliyomo kwenye dawa za kusafishia oveni na baadhi ya dawa za kuondoa grisi, yanafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hayavimbishi. Yanakata vifundo vya kikemia vya resini ya alkidi, kama yanavyokata mafuta kuyafanya sabuni. Ndiyo maana yanashinda pale alkoholi iliposhindwa, kwenye rangi ya mafuta iliyozeeka, na ndiyo maana hayana la kufanya kwenye resini isiyo na vifundo vya aina hiyo. Polistirini na ABS hazina cha kukatwa, basi zinatoka salama. Lakini zinki na alumini zina: uzito wa aloi ya zinki ulioachwa ndani ya bodi utaliwa na kutoa haidrojeni. Jicho lako nalo linaweza kuharibika kabisa kwa tone moja. Miwani ya kinga na glavu havijadiliwi hapa.

Thina ya magari, petroli, asetoni, na dawa za kutoa rangi zenye dikloromethani hazina nafasi kwenye plastiki. Hiyo ya mwisho ilipigwa marufuku kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida kama dawa ya kutoa rangi Ulaya na baadaye Marekani, kwa sababu mvuke wake umeua watu waliofanya kazi vyumba vilivyofungwa.

Pale kemia inaposhindwa, au isipohitajika

Rangi ya vijenzi viwili juu ya ABS ndiyo mfano wa pengo finyu: chochote kitakachoigusa rangi kitaigusa plastiki kwanza. Hapo njia ni kupuliza unga wa baikaboneti ya soda kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa kifaa kidogo kinachofanana na brashi ya hewa. Chembe zake ni laini, takriban 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo zinachubua rangi taratibu na kuacha ribiti. Unga wa oksidi ya alumini una 9 na utakula kila kitu. Kazi hii ina vumbi jingi na inataka boksi lililofungwa. Pia, rangi za njano na za machungwa za zamani ziliwahi kutengenezwa kwa kromati ya risasi. Modeli kuukuu za rangi hizo zisipulizwe wala kusuguliwa kavu. Zitolewe kwa majimaji ili vumbi lisiruke, na mabaki yasitupwe mahali watoto wanapocheza.

Mara nyingi kinachohitajika kuondoka ni namba na jina la reli tu. Maandishi ya kiwandani hugongwa kwa muhuri laini wa silikoni juu ya rangi, nayo ni membamba sana. Kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi, au maji ya kulainishia stika kama Solvaset, yakiachwa dakika chache, huyalegeza kabla rangi ya chini haijaguswa. Kisha kijiti cha kuchokonolea meno kinayaondoa. Kama rangi ya chini ndiyo unayoitaka, umeokoa kazi ya siku nzima.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu ndani ya bodi kwanza, chini ya paa. Ukipata alama ya rangi iliyopulizwa ikaingia ndani, ijaribu hiyohiyo, maana inakupa jibu la rangi na la plastiki kwa pamoja. Plastiki ikinata kidoleni au ikipoteza mng'ao, dawa hiyo iache.

Alkoholi iliyotumika haimwagwi. Iache itulie hadi rangi izame, ichuje kwa kitambaa, itafaa tena. Bodi iliyooshwa iachwe ikauke siku nzima, kwani plastiki iliyokunywa kiyeyushi huwa dhaifu hadi kitoke, na wengi huvunja ngazi siku hiyo ya kwanza kwa haraka tu. Madoa mekundu na ya njano yaliyoingia kwenye plastiki hayatoki, wala hayana haja ya kutoka. Rangi iliyojificha kwenye pembe na kukataa mswaki isuguliwe kwa msasa wa maji wa namba 1500 au 2000 mpaka kidole kisihisi ukingo wake, kisha praima nyembamba ya kijivu ipulizwe. Praima ndiyo itakayoonyesha mikwaruzo na mabaki ambayo macho hayakuyaona kwenye plastiki tupu. Yarekebishe hayo, pulizia tena, ndipo ufungue kopo la rangi mpya.